Kioo Kinachochoma Mawingu

Majina sitataja. Kwetu ukiandika jina la mtu, ukoo wake mzima unajaa uwanjani kwako kabla chai haijachemka. Lakini watu wenyewe nitawataja kwa kazi zao, na wakisomewa watajijua. Ni watatu: ofisa wa stesheni, mwenyekiti wa mwethya, kikundi chetu cha kina mama, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Nimewabeba moyoni muda mrefu na mimi si punda.

Stesheni iko upande wetu wa Yatta, ukitoka Kithimani na kuiacha lami. Ni uwanja tu, umezungushiwa seng'enge, nyasi zimekatwa chini kama kichwa cha mtoto wa shule. Ndani mna vyombo vya kupima hali ya hewa. Kuna sanduku jeupe la mbao lenye miguu mirefu, pande zote limejaa mianya ya kupitisha hewa, na mgeni akiliona anadhani ni mzinga wa nyuki wa tajiri. Kuna karai kubwa la bati lenye maji, la kujua jua linakunywa kiasi gani kwa siku, limefunikwa wavu ili mbwa na ndege wasilisaidie. Kuna vikombe vya kuzungushwa na upepo, na kopo la shaba la kupokea mvua. Kuna kitu kama nusu ya yai la kioo, la kupima nguvu ya miale ya jua. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kulipangusa umande, vumbi na mavi ya njiwa kwa kitambaa laini, maana kioo kikiwa kichafu jua linaonekana dogo kuliko lilivyo.

Halafu kulikuwa na ule mpira wa kioo.

Ulikuwa mzito, wa kujaza viganja viwili, umekalia kiti chake cha chuma. Nyuma yake huwekwa kadi ngumu. Jua likiwaka, kioo kinaikusanya miale mahali pamoja, na hapo kadi inaungua, mstari mweusi mwembamba unaotembea kadiri jua linavyotembea. Wingu likipita, mstari unakatika. Jua likirudi, unaendelea. Jioni naitoa kadi, ofisa anaangalia ule mstari, anajua jua liliwaka muda gani. Ni hivyo tu. Mimi niliyeachia shule darasa la nne nilielewa siku ile ile ya kwanza, na sikuona ajabu. Wakati huo mume wangu alikuwa ameshakufa kwenye machimbo ya mawe kule Lukenya. Kilichokuwa ajabu kwangu ni kupata kazi karibu na nyumbani.

Shemeji aliitaka hiyo kazi. Alikuja kuiomba asubuhi moja akinuka pombe, ofisa akamwambia asubiri kuitwa. Nikaitwa mimi. Tangu siku hiyo alikuwa akinisalimu huku anaangalia pembeni.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyoanza, maana yalianza kwa mzaha. Siku ya soko kina mama walikuwa wakirudi na viondo vyao, wakasimama kwenye seng'enge kupumzika. Mwenyekiti wa mwethya alikuwepo. Ni mama aliyenizidi umri kidogo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Aliuona mpira wa kioo, na siku ile jua lilikuwa kali, kadi ikitoa kauzi ka moshi. Akamuuliza ofisa, "Bwana mkubwa, hiyo kitu inachoma nini?"

Ofisa alikuwa anaingia kwenye gari. Mtu aliyesoma, mtu wa miwani. Akacheka, akasema, "Hii? Hii ni ya kuchoma mawingu, mama. Tumechoka na matope."

Akafunga mlango, akaenda zake. Kina mama walicheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa na kitambaa changu mkononi. Mwenyekiti peke yake hakucheka sana. Alisema, "Aiee," polepole, akakipandisha kiondo mgongoni.

Mwaka ule mvua ya Aprili ilikataa. Si kwamba haikujaribu. Asubuhi mawingu yalikuwa yanakuja, mazito, ya kutia matumaini, watu wanaangaliana barabarani wanatabasamu. Kufika saa sita yameyeyuka. Anga inabaki nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Na saa sita ndiyo saa ambayo mtu akipita kwenye seng'enge anaona kadi inatoa moshi. Kioo kilikuwa kinachoma kwa sababu mawingu yameondoka. Wao waliona kinyume: mawingu yameondoka kwa sababu kioo kinachoma. Na si ujinga, nitawatetea hapo. Mtu akiwa na mahindi yanayokauka yakiwa na urefu wa goti, na mtu wa miwani ameshamwambia kazi ya kioo kwa mdomo wake, utamlaumu kwa kuamini?

Wakaanza kuniita Mama Jua. Kwanza ilikuwa utani. "Mama Jua, leo utatuachia kawingu kamoja?" Nami najibu, "Ngoja nikasongeshe kiti cha kioo." Tunacheka. Sijui ni siku gani kicheko kiliisha. Nilijua tu nikifika mahali, watu wanamaliza maneno yao haraka.

Mto wetu ukikauka tunachimba visima kwenye mchanga wake, unakaa shimoni unateka kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya kisima, shemeji akaja na punda wake. Zamu yangu ilipofika akasimama mbele yangu.

"Wewe maji yako yako kwenye karai ya serikali," akasema. "Nenda ukayanywe."

"Shemeji, niache niteke."

"Unatunyima ya juu, na ya chini unataka?"

Aliupiga mtungi wangu teke. Niliung'ang'ania, nikaenda nao, nikaangukia mawe ya ukingoni kwa mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika. Kina mama walikuwa pale, na mwenyekiti alikuwa pale, kikombe mkononi. Hakuna aliyenishika. Mwenyekiti alisema tu, "Mtavuruga maji," kama anayekemea mbuzi. Nilijiinua mwenyewe, gauni limelowa nyuma, nikapita katikati yao nimejikumbatia mkono. Mpaka leo nikikumbuka siku ile, maumivu siyakumbuki vizuri. Nakumbuka gauni lililolowa, na kwamba walikuwa wananiangalia kwa nyuma.

Mkono ulipona umepinda. Naweza kuosha vyombo, naweza kupangusa kioo. Jembe siliwezi kwa muda mrefu, kifundo kinawaka moto. Na hapo ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe, ambalo ni mitaro.

Asiyejua kwetu nimweleze. Mashamba yetu yako kwenye miteremko. Shamba lisilo na mitaro maji yanapita yakienda na udongo wote, unabaki na mwamba. Kwa hiyo unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, ndiyo maana tunauita fanya juu. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Kina mama wanachimbiana kwa zamu, leo kwako, mara nyingine kwa mwenzako, na hicho kikundi ndicho mwethya. Unayechimbiwa unapika. Mimi nilikuwa nimechimba kwa kila mtu kabla mkono haujavunjika. Kwa shemeji nilichimba, chini kabisa ya mteremko wangu, mitaro mirefu mizuri. Kwa mwenyekiti nilichimba. Mitaro yangu mwenyewe ilikuwa ya zamani, imejaa na kubomoka, na zamu yangu ilikuwa imepangwa kabla ya mvua ya Novemba. Mvua hiyo ndiyo tunayoitegemea kwetu. Ingekuja nikiwa bila mitaro, sikuwa na shamba tena.

Zamu yangu ilipofika niliomba ruhusa stesheni. Nilitwanga mahindi tangu jana yake kwa mkono mmoja mzima na mwingine wa kusaidia, nikapika muthokoi, mahindi na maharagwe, sufuria ile kubwa ya matanga niliyoazima. Nikapanga sahani. Nikatoa majembe nikayaegemeza ukutani. Nikafagia uwanja.

Hawakuja.

Jua lilipanda. Niliwasikia, maana sauti ya mwenyekiti inasafiri. Walikuwa shamba lingine ng'ambo, wanaimba wakichimba. Walikuwa wameniruka bila kuniambia. Nilikaa kwenye kigoda kando ya ile sufuria, na kila mtu aliyepita njiani aliona sahani tupu zimepangwa. Sikuziondoa. Nilifikiri nikiziondoa nitakuwa nimekubali hawaji. Mchana nilibeba sufuria ndani, nikafunga mlango, chakula cha kijiji kizima na mimi peke yangu. Kiliharibika. Nilikimwaga nyuma ya choo na kukifukia ili kuku wasikifukue watu wakaona.

Kesho yake nilimwendea ofisa kwenye kiofisi chake kando ya uwanja. Nilimkuta anasafisha miwani yake. Nilimwambia yote. Nilimwomba jambo moja: aje kwenye mkutano wa kina mama, awaambie kwa mdomo ule ule uliowaambia, kwamba alikuwa anatania.

Alishtuka, nakubali. Halafu akacheka kidogo. "Mama, kwani wanaamini? Ilikuwa mzaha tu."

"Basi njoo uwaambie ni mzaha."

"Nikienda huko itaonekana kuna shida. Wakubwa Nairobi wakisikia kuna shida na wananchi, watakuja kuuliza maswali. Wacha ipoe. Mvua ikinyesha wenyewe watasahau."

"Na mitaro yangu?"

Aliangalia dirishani. "Pole sana, mama," akasema. Akaniuliza kama nimebadilisha kadi.

Nilikuwa nimebadilisha.

Nikamwendea mwenyekiti. Nilimkuta anapepeta pojo, hakusimama. Nilikaa chini, si kwenye kigoda, chini, ingawa hakuna aliyeniambia nikae chini. Nikamwambia, "Mama, mimi nawapangusia kioo tu. Kinapima. Hakina nguvu juu ya wingu."

"Hatujasema wewe ni mchawi," akasema. "Nani amesema uchawi? Sisi ni watu wa kanisa."

"Basi mbona mmeniruka?"

"Kina mama wameudhika. Mtu akiudhi watu, analeta mbuzi, watu wanakula, yanaisha. Iko hivyo tangu zamani. Au unataka tukufanyie wewe ya kipekee kwa sababu unafanya kazi na serikali?"

"Nilete mbuzi kwa kosa gani?"

Aliacha kupepeta. "Hilo utalisema wewe siku hiyo," akasema. "Mvua iko karibu, mama. Mimi si ya kwangu nasemea. Mitaro yangu iko sawa."

Iko sawa. Mimi nilikuwa nimeichimba.

Nilikuwa na mbuzi jike mweupe, mwenye doa kichwani, wa kuzaa mapacha. Nilimvuta kwa kamba Jumamosi mpaka nyumbani kwa mwenyekiti. Shemeji ndiye alichinja. Hakuna aliyemwita, alikuwepo tu na kisu kimenolewa, akasema ngozi na kichwa ni vyake kwa sababu yeye ndiye mwanamume wa ukoo. Hakuna aliyebisha. Nyama ilipoiva nikaambiwa nisimame.

Nilikuwa nimeyatafuta maneno njia nzima, maneno ambayo yangewaridhisha bila kuniuza. Nikasema, "Kina mama, kama kile kioo kimewafukuzia mvua, naomba mnisamehe."

Mwenyekiti alifukuza nzi juu ya nyama.

"Ondoa hiyo kama," mwenyekiti akasema.

"Mama?"

"Umesema kama kimefukuza. Sisi hatujaacha kazi zetu tuje kusikia kama. Sema kimefukuza."

Niliwaangalia mmoja mmoja. Wengine walikuwa rafiki zangu, tulizaa watoto wetu wakati mmoja. Waliangalia sufuria. Niliifikiria mvua ikishuka kwenye mteremko wangu. Nikaiondoa ile kama. Nikasema, "Kioo kimewafukuzia mvua. Mimi nilikuwa nakipangusa. Nisameheni."

"Haya!" mwenyekiti akasema kwa furaha, kama mtu aliyefunga biashara. Akakata kipande cha ini, akaja, akakiweka mdomoni mwangu kwa mkono wake. "Kula. Yameisha. Jumatatu tuko kwako."

Nilitafuna. Kilikuwa kitamu, sitasema uongo, nilikuwa sijala nyama muda mrefu. Mate yalinijaa mdomoni mbele ya wale watu wote, na hapo, zaidi ya pale kisimani, ndipo nilitamani ardhi inipokee.

Jumapili, kanisa likitoka, mawingu yalisimama upande wa Masinga, meusi, na safari hii hayakuondoka. Upepo ukaja na harufu. Mvua ikashuka kama imemwagwa. Kina mama walitoka nje na nguo zao za kanisa, wakapiga vigelegele na kuinua mikono. Mmoja alinikimbilia akanikumbatia akiwa amelowa chepechepe. "Umeona?" ananipigia kelele sikioni. "Umeona, mama? Siku moja tu! Ungeleta mbuzi mapema!"

Nilijitoa mikononi mwake nikakimbia nyumbani. Mitaro ilikuwa bado. Ilikuwa ichimbwe Jumatatu. Nilisimama mlangoni nikaona shamba langu likiondoka, maji mekundu yakikata mifereji katikati ya mahali nilipokuwa nimetayarisha kupanda, yakibeba hata samadi niliyokuwa nimetandaza. Nilichukua jembe nikatoka, nikapiga mara chache, kifundo kikakataa. Nikasimama pale na jembe kama mtu anayeangalia gari likipita. Udongo wangu ulishuka mpaka kwa shemeji na kusimama pale, umeshikwa na mitaro yake, ile mirefu mizuri. Msimu huo alivuna mpaka akaazima magunia.

Asubuhi yake nilienda kazini. Kopo la mvua lilikuwa limejaa mpaka maji yamefurika kwenye kopo la nje. Niliyamimina kwenye chupa ya kupimia, nikasoma, nikamwambia ofisa. Alifurahi sana. "Mvua nzuri hiyo, mama! Si nilikuambia? Sasa watasahau."

Hawakusahau. Wangesahau kama mvua ingechelewa. Lakini ilikuja siku moja baada ya mbuzi, na hakuna ofisa wala mtu wa miwani atakayewaambia kitu dhidi ya hiyo. Walisikia kosa kwa mdomo wangu, wakala mbuzi, mvua ikanyesha. Hata mimi, siku zingine, nikiwa nimechoka, inanijia kwamba labda.

Walikuja kuchimba, si Jumatatu ile, matope yalikuwa mengi, bali baadaye, kukiwa hakuna tena cha kuzuia isipokuwa mwamba na changarawe. Walichimba vizuri, siwezi kuwasingizia. Imechukua miaka ya samadi na majani makavu kurudisha udongo wa kuotesha kunde.

Siku hizi stesheni ina mlingoti mmoja wenye sola na kisanduku, unapima kila kitu wenyewe na kutuma kwa mtandao. Ile nusu ya yai ingali inahitaji kupanguswa, kwa hiyo mimi ningalipo. Mpira wa kioo uliondolewa. Uko ofisini, unazuia mlango usifungwe na upepo. Ofisa aliyekuja baada ya yule hajui habari yoyote. Yule wa kwanza alipandishwa cheo akaenda.

Mwaka huu zamu yangu ya mwethya imefika katika ukame mwingine. Walikuja wote. Nilikuwa nimepika sufuria ile ile ya kuazima. Mwenyekiti sasa amezeeka, hachimbi, anakaa kivulini na kuelekeza watu kwa fimbo. Kulikuwa na mke mgeni, ameolewa kijijini juzi, akauliza kwa nini naitwa Mama Jua.

"Muulize mwenyewe," mwenyekiti akasema. "Alisema kwa mdomo wake mbele yetu. Eti, Mama Jua? Si ulisema?"

Majembe yalisimama. Wote walikuwa wananingoja, wanatabasamu tayari. Mitaro ilikuwa imechimbwa nusu.

"Nilisema," nikajibu.

"Basi angalia juu," akasema, akinyoosha fimbo kwenye anga tupu. "Mbuzi wako bado? Usitucheleweshe tena!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mke mgeni alicheka bila kujua anacheka nini. Mimi pia nilicheka, kwa sauti, nikasikia kicheko changu kinapanda juu ya vyao. Halafu nikachukua sahani ya mwenyekiti, ambayo haikuwa imekwisha, nikamwongezea muthokoi mpaka ikafurika, na yeye akasema asante, mwanangu, pika hivi hivi siku zote.